Mama Amejifungua Salama, Mbona Anatokwa na Jasho?



Wakati wa mimba mama hufundishwa mengi. Kliniki hupimwa damu na mkojo, huambiwa ale nini na arudi lini. Siku ya uchungu ikifika, nyumba nzima haina usingizi. Lakini mtoto akisha kuzaliwa, watu wote humgeukia mtoto. Majirani huja kumwona mtoto. Mama hubaki na mwili uliobadilika, wala hakuna aliyemwambia utafanya nini.

Tuchukue mfano wa mama mmoja wa Sekenke, wilayani Iramba. Amejifungua salama. Usiku wa tatu anaamka, nguo zimelowa jasho kama aliyenyeshewa mvua. Mama mkwe anasema ni malaria. Wifi anasema ni kijicho cha watu. Nani amesema kweli? Huenda hakuna hata mmoja.

Katika somo hili tutajifunza mambo yanayompata mzazi baada ya kujifungua. Mengine ni kazi ya kawaida ya mwili. Mengine ni hatari, tena ya kuua. Lazima tuweze kuyatenga.

Tuanze na jasho. Mwanamke mwenye mimba huwa na maji mengi mwilini kuliko siku zote. Akisha kujifungua, maji hayo hayana kazi tena. Mwili huyatoa kwa njia mbili, mkojo na jasho. Kwa hiyo katika wiki ya kwanza na ya pili mama hukojoa mara nyingi na hutoka jasho jingi, hasa usiku. Miguu yote miwili pia yaweza kuvimba kidogo siku za kwanza, halafu ikapungua yenyewe. Huo si ugonjwa. Mama abadilishe nguo, na anywe maji ya kutosha. Asinyimwe maji eti kwa sababu anatoka jasho.

Lakini je, kama ni malaria kweli? Gusa mwili wake. Jasho la uzazi huja bila homa. Mama akiwa na joto kali, kichwa kinauma na viungo vinauma, usikae kubishana. Mpeleke zahanati apimwe. Homa baada ya kuzaa yaweza kuwa malaria, na yaweza kuwa uchafu ulioingia katika mfuko wa uzazi. Kwa macho tu huwezi kujua ni ipi.

Kutetemeka pia huwashtua watu. Mama wengi hutetemeka mara tu baada ya mtoto kutoka, hata meno yakagongana. Hutokea katika saa ya kwanza, halafu huisha. Mfunike nguo, mpe chai au uji wa moto. Kutetemeka kunakokuja siku ya tatu au ya nne, pamoja na homa, ni jambo jingine kabisa. Hapo ni safari ya hospitali.

Sasa tuzungumze juu ya tumbo. Mtoto anaponyonya, mama husikia tumbo linakaza na kuuma chini ya kitovu. Watu wengine huita chango. Mfuko wa uzazi siku ya kujifungua huwa na uzito wa kilo 1 hivi. Baada ya wiki 6 hupungua hata usifike gramu 100. Hauwezi kupungua hivyo bila kujikaza. Mtoto anaponyonya, mwili hupeleka habari kwa mfuko huo ujikaze, na ndiyo sababu maumivu huja wakati wa kunyonyesha. Aliyezaa mara nyingi huumia zaidi kuliko mwenye mtoto wa kwanza. Maumivu haya husaidia kuzuia damu isitoke nyingi. Huisha baada ya siku chache.

Hapa yafaa tuseme juu ya kukandwa kwa maji ya moto. Bibi zetu hukanda tumbo la mzazi ili damu itoke na tumbo lirudi. Nia yao ni njema. Lakini mfuko wa uzazi hurudi wenyewe, haungoji maji ya moto. Maji yanayochemka huchoma ngozi, na akina mama wameungua hivyo. Kama mzazi apenda kuoga maji ya uvuguvugu, na aoge, yatampumzisha. Yasiwe ya kuchoma, wala tumbo lisikandamizwe kwa nguvu.

Damu nayo ina utaratibu wake. Siku tatu nne za kwanza huwa nyekundu na nyingi. Halafu huwa ya rangi ya kahawia au waridi. Baada ya siku 10 hivi hugeuka uteute wa njano au mweupe, na waweza kuendelea mpaka wiki ya 4 au ya 6. Mama akiwa amelala muda mrefu, akisimama damu yaweza kushuka kwa ghafula kidogo, kisha ikatulia. Lakini kitambaa kikubwa kikilowa chote ndani ya saa moja, au yakitoka mabonge makubwa, au damu iliyokwisha kupungua ikirudi kwa wingi, usingoje asubuhi. Mtu huweza kufa kwa kutokwa na damu kwa muda mfupi sana. Na uteute ukinuka vibaya, ujue kuna uchafu ndani.

Ugonjwa huo wa uchafu una historia yake. Mwaka 1847, katika mji wa Vienna huko Ulaya, daktari mmoja aitwaye Ignaz Semmelweis aliona akina mama wakifa kwa homa ya uzazi katika hospitali yake. Mwezi wa Aprili mwaka huo walikufa karibu 18 katika kila 100. Aligundua kwamba madaktari walitoka kupasua maiti, wakaja kuwazalisha akina mama bila kusafisha mikono vizuri. Akaamuru wote wanawe kwa maji yenye dawa ya klorini. Mwezi wa Juni walikufa 2 tu katika kila 100. Dawa ilikuwa kunawa mikono. Kwa hiyo kila anayemhudumia mzazi anawe kwa sabuni, na vitambaa vyake vifuliwe na kuanikwa juani. Visifichwe uvunguni kwa aibu, jua ni dawa pia. Wazee wetu waliosoma katika vikundi vya redio vya kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973 hawatashangaa kusikia hayo.

Siku ya tatu au ya nne maziwa huingia kwa wingi. Matiti huwa mazito na hukaza. Mnyonyeshe mtoto mara kwa mara, usiku na mchana, yatapungua. Titi moja likiwa jekundu, la moto, na mama ana homa, aende zahanati. Asiache kunyonyesha titi hilo, maana maziwa yakikaa ndani ugonjwa huzidi.

Nywele nazo! Mwezi wa tatu hivi mama akichana nywele huona kitana kimejaa. Wengine husema mtoto anazinyonya. Sivyo. Wakati wa mimba nywele ambazo zingeanguka hazikuanguka. Sasa zinaanguka kwa pamoja. Zitaota tena.

Jambo moja akina mama hulificha sana. Ni mkojo. Mkojo kidogo ukitoka mama anapokohoa au kucheka, mara nyingi ni misuli ya chini iliyolegea. Ajizoeze kuibana kama anayezuia mkojo, kisha aiachie, mara nyingi kila siku. Lakini mkojo au choo vikivuja mfululizo bila yeye kutaka, hasa aliyekaa na uchungu siku nyingi, huenda ana fistula. Si laana wala si uchafu wake. Ni tundu, na tundu hilo huzibwa kwa upasuaji. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam kwa miaka mingi imewatibu akina mama hao bila malipo. Mume anayemfukuza mke kwa ajili hiyo anamfukuza mgonjwa anayeweza kupona.

Sasa sikilizeni vizuri, hasa nyinyi akina baba. Mzazi akisema kichwa kinauma sana na macho hayaoni sawasawa, au akavimba uso, hata kama mimba haipo tena, huenda presha imepanda. Akianguka na kukakamaa, hicho ni kifafa cha mimba. Wengi hudhani kwamba mtoto akitoka hatari hiyo imekwisha. Haikwisha. Huja zaidi katika siku mbili za kwanza, na yaweza kuja hata baada ya wiki kadhaa. Msimfukizie dawa kwa kudhani ni mashetani. Kila saa inayopotea ina thamani ya maisha yake. Vivyo hivyo mguu mmoja ukivimba na shavu la mguu likauma, huenda damu imeganda ndani. Usiukande. Kifua kikibana na pumzi ikikata, ni hatari kubwa zaidi.

Kutoka Sekenke mpaka hospitali ya wilaya iliyoko Kiomboi ni safari. Ndiyo maana usafiri upangwe mapema, na pesa ya akiba iwepo. Ipo pia namba ya simu 115 ya m-mama, kwa usafiri wa dharura wa mzazi na mtoto mchanga. Kupiga namba hiyo hakuna malipo.

Tusisahau machimbo. Sekenke ni mahali pa dhahabu tangu zamani. Mwaka 1916 Wajerumani walitengeneza sarafu za dhahabu mjini Tabora kwa dhahabu ya hapo. Hata leo wako wachimbaji wadogo, na akina mama huponda mawe na kuosha mchanga pamoja nao. Zebaki inayokamata dhahabu ni sumu. Ikichomwa moshi wake huingia mwilini, na kutoka kwa mama sumu yaweza kupita katika maziwa mpaka kwa mtoto. Mzazi asiishike zebaki, wala isichomwe jikoni anamolala.

Wazee walisema mzazi apumzike siku 40. Hospitali husema siku 42. Tofauti ni siku 2 tu! Katika muda huo arudi kliniki hata kama haumwi: ndani ya saa 48, siku ya 7, siku ya 28 na siku ya 42. Ale ugali wa mtama au uwele, kunde, mlenda, dagaa, na yai au kuku akipatikana. Ameze vidonge vya kuongeza damu alivyopewa. Akilia bila sababu siku za kwanza, mvumilieni. Wiki mbili zikipita na bado analia, halali, hataki kumshika mtoto, apelekwe kwa mganga wa zahanati. Huo nao ni ugonjwa, na hutibiwa.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Jasho la uzazi lina tofauti gani na homa?
2. Katika kijiji chenu mzazi hukandwa namna gani? Maji huwa ya moto kiasi gani?
3. Mzazi akianza kutokwa na damu nyingi usiku wa leo, nani ana simu, nani ana pikipiki, na nani atabaki na watoto?