Ugonjwa wa Miguu na Midomo: Ni Mnyama Gani Auletao?

Mfugaji amwonapo ng'ombe wake akitokwa na udenda, akichechemea na kukataa majani, hudhani kwamba ugonjwa wa miguu na midomo umeingia bomani siku ile ile. Mara nyingi sivyo. Ugonjwa huweza kuwa umeingia siku nyingi nyuma, tena kwa mnyama ambaye hakuna aliyemshuku.

Ugonjwa huu huletwa na virusi, yaani kijidudu kidogo mno kisichoonekana kwa darubini ya kawaida. Huwapata wanyama wenye kwato zilizopasuka: ng'ombe, nguruwe, kondoo, mbuzi, na hata nyati wa porini. Farasi na punda hawaupati. Lakini wanyama hao hawaugui kwa namna moja.

Nguruwe huambukizwa hasa kwa kula kitu chenye virusi, kama makombo ya nyama yasiyochemshwa. Akisha kuugua, pumzi yake hutoa virusi vingi kuliko ile ya ng'ombe au kondoo. Ng'ombe naye huvuta hewa nyingi, na virusi vichache tu vyatosha kumwambukiza. Malengelenge humtoka ulimini na penye kwato, hata kila mtu akayaona. Kondoo na mbuzi ndio wadanganyifu: huenda wakachechemea kidogo tu kisha wakapona, na huku wamekwisha kuwaambukiza wenzao.

Mambo hayo yalidhihirika Uingereza mwaka 2001. Ugonjwa ulianza kwa nguruwe katika wilaya ya Northumberland. Upepo ukachukua virusi hadi kwa kondoo wa shamba la jirani. Kwa kuwa kondoo hao hawakuonyesha dalili kubwa, walipelekwa mnadani, wakachanganyika na wengine, wakasafirishwa kwa magari mpaka sehemu za mbali. Ugonjwa ulipotambuliwa mwezi wa Februari, ulikuwa umekwisha kutawanyika. Mashamba 2,026 yalithibitishwa kuwa na ugonjwa, na wanyama zaidi ya milioni 6 wakachinjwa ili kuuzima.

Upepo huweza kuchukua virusi mbali pale penye baridi na unyevu. Hewa kavu yenye joto huviua upesi. Kwa hiyo katika Kenya njia kubwa ya maambukizo ni mwendo wa mifugo yenyewe: minadani, malishoni, majoshoni, na penye maji wanyweapo pamoja ng'ombe, mbuzi na kondoo wa boma mbalimbali. Nyati nao huweza kukaa na virusi kooni kwa miaka bila kuugua. Tena virusi hivi vina aina 7, na mnyama aliyepona aina moja hana kinga ya nyingine. Ndiyo sababu chanjo haina budi kulingana na aina iliyopo.

Ng'ombe mkubwa kwa kawaida hafi, lakini maziwa hupungua sana, maksai hashiki jembe, na ndama huweza kufa ghafula kwa kudhurika moyo. Hasara hiyo ni ada ya shule na chakula cha nyumba.

Basi, yampasa mfugaji kufanya haya. Mnyama mgeni, hata akiwa mbuzi mmoja wa zawadi, atengwe majuma matatu, kwa kuwa dalili huchukua siku 2 hadi 14 kuonekana. Kondoo na mbuzi wafunuliwe midomo na kutazamwa kwato kabla ya kwenda mnadani. Nguruwe wasipewe makombo ya nyama. Dalili ikionekana, mnyama yeyote asitoke bomani, na afisa wa mifugo aarifiwe siku hiyo hiyo. Karantini humchosha mwenye mali. Lakini amwuzaye kondoo achechemeaye ili aikwepe, humpelekea jirani yake msiba, na msiba huo huweza kurudi bomani mwake kwa njia ile ile ya kisimani.