Mafunzo Sita Niliyopata Katika Jiko la Ayalandi

Wasioujua upishi wa nyumbani wa Ayalandi huudharau, eti ni viazi na kabichi tu. Mimi niliishi Kaunti ya Cork, kusini mwa nchi hiyo, kwa bibi aliyenipangisha chumba na kunifungulia jiko lake. Pale niliona kwamba chakula chenye vitu vichache kinamdai mpishi zaidi: kila kitu kiwe kizuri, na yeye ajue kinavyofanya kazi.

1. Uijue ngano yako kabla ya kuoka

Ayalandi ni nchi ya mvua na baridi. Ngano yake kwa kawaida ni laini na ina gluteni kidogo, kwa hiyo mkate wa hamira hauumuki vizuri. Bekingi soda ilipoenea katika karne ya 19, akina mama wa mashambani walipata jawabu: unga, soda, chumvi na mtindi, basi. Uchachu wa mtindi ukikutana na soda hutoa gesi ya kaboni dayoksidi, na gesi hiyo huumua mkate papo hapo. Unga uliokuwa dhaifu kwa hamira ukatoa mkate mwororo wa soda. Siku hizi nikishika unga nisioufahamu, huuliza kwanza unafaa kwa kazi gani.

2. Ukishalowesha unga, usizubae

Kwa mkate mweupe, chukua gramu 450 za unga, kijiko kimoja cha chai cha soda, kimoja cha chumvi, na mtindi mililita 350 hadi 400. Soda ichekeche pamoja na unga, isibaki na mabonge. Bibi alikuwa akimimina mtindi, kisha anatanua vidole na kuvikaza, anavizungusha kutoka katikati hadi ukingoni mwa bakuli. Donge likishikana tu, anaacha. Ukilikanda, mkate unakuwa mgumu. Ukilichelewesha, gesi inapotea. Alilibonyeza likawa duara nene, akalikata msalaba wa kina ili moto upenye hadi katikati. Liweke kwenye ovena ya nyuzi 230 kwa dakika 15, kisha shusha hadi 200 kwa dakika 30 hivi. Mwishoni ugeuze mkate, uugonge chini kwa kidole. Ukilia kama ngoma, umeiva.

3. Moto wa juu una kazi yake

Zamani nyumba nyingi za mashambani hazikuwa na ovena. Mkate uliokwa katika bastible, chungu kizito cha chuma chenye kifuniko, kilichowekwa kwenye moto wa mboji iliyokaushwa. Makaa yalipangwa juu ya kifuniko pia, ili mkate uive pande zote. Aliyewahi kupalia makaa juu ya sufuria katika pwani yetu ataelewa mara moja. Ukiwa na sufuria nzito na mkono unaojua kupima makaa, unaoka vizuri kabisa.

4. Kiazi kipewe heshima yake

Huwezi kuzungumzia kiazi Ayalandi ukaacha Njaa Kuu ya mwaka 1845 hadi 1852. Ugonjwa uliozesha viazi mashambani, wakati maskini wengi walikuwa wakitegemea karibu kiazi peke yake. Watu wapatao milioni moja walikufa, na wengine zaidi ya milioni moja wakahama. Na katika miaka hiyo hiyo vyakula vingine viliendelea kusafirishwa kwenda nje. Tangu niielewe historia hiyo, simenyi kiazi ovyo.

Viazi vya unga huchemshwa na maganda yake ili visinyonye maji, humenywa vikiwa moto, kisha hupondwa na maziwa yaliyochemshwa. Kwa colcannon, yaani viazi vya kuponda vyenye mboga, changanya humo kabichi au sukuma wiki iliyopikwa na kukatwakatwa. Pakua, fanya shimo katikati, tia donge la siagi. Kila tonge huchovywa pale siagi inapoyeyuka.

5. Usiharakishe kuongeza viungo

Mchuzi wa asili wa kondoo ni nyama ya shingo, viazi, vitunguu na maji, pamoja na chumvi na pilipili manga. Wapo wanaotia karoti na wapo wanaokataa katakata. Moto uwe mdogo, na chungu kifunikwe. Mafuta na mifupa hutoa ladha, viazi vya unga huvurugika taratibu na kuufanya mchuzi uwe mzito. Nilizoea kukaanga viungo kwanza. Pale nilijifunza kuipa nyama muda wa kutosha na kuonja kabla ya kuongeza chochote.

6. Chakula cha nyumbani kinastahili meza ya wageni

Mwaka 1964, Myrtle Allen alifungua mgahawa ndani ya nyumba yake, Ballymaloe, mashariki mwa Cork. Alipika vilivyotoka shambani kwao na kwa jirani zake, pamoja na samaki wa pwani ile. Mwaka 1983 ikafuata shule ya upishi ya Ballymaloe, iliyoanzishwa na mkwewe Darina Allen, na wanafunzi kutoka nchi nyingi wamejifunza hapo mkate wa soda kama somo la kuheshimika. Watu wa Ayalandi hawakuhitaji kuugeuza upishi wao ndipo uthaminiwe. Walihitaji mtu wa kuufanya vizuri, kuuandika na kuufundisha.

Kwa anayetaka kuanza, ushauri wangu ni mkate wa soda. Tafuta mtindi mchachu wa kweli, washa ovena kabla hujagusa unga, na siku hiyo hiyo ule na siagi nzuri, maana mkate huo ukilala unakauka. Kisha nenda kwa mzee wa kwenu anayepika chakula ambacho hakijaandikwa popote, umwombe akufundishe, nawe uandike vipimo vyake.