Jua la Nyali, Kengele ya Kengeleni

Mwalimu wa falsafa ajibu maswali ya vijana waliokesha mchangani Nyali wakingoja kuche.

Mwalimu, jua tumeliona likichomoza baharini kwa macho yetu. Hiyo si yakini?

Hebu niambieni mmeona nini. Ukingo wa jua ulipochungulia majini, kwa hesabu ya falaki jua zima lilikuwa bado chini ya upeo. Hewa ndiyo iliyopinda mwanga ukawafikia. Na mwanga wenyewe ulikuwa umesafiri dakika 8. Ghazali, mwanazuoni aliyefariki mwaka 1111, alitaja nyota: kwa jicho ni kama dinari, kwa hesabu yaishinda dunia kwa ukubwa. Kisha akauliza, ikiwa akili imeyakosoa macho, nani ajuaye kama hakuna kitakachoikosoa akili? Mimi swali hilo sijalimaliza.

Basi hatujui lolote?

La, msikimbilie huko. Mvuvi akikwambia kesho ni bamvua, nawe ukaacha mtumbwi bila kuufunga, utakwenda kuutafuta mbali.

Na mtu akiotea, ikawa kweli?

Nyumbani nilikuwa na saa ya ukutani iliyokwama saa tatu na dakika kumi. Siku moja jirani akaitupia jicho, akatoka mbio kuwahi matatu. Na kweli, ilikuwa saa tatu na dakika kumi! Bertrand Russell alitoa mfano wa aina hiyo mwaka 1948. Mwaka 1963 Edmund Gettier, kwa makala ya kurasa tatu tu, akawavuruga wanafalsafa kwa visa kama hivyo. Sisi twasema jirani kabahatisha. Sawa, lakini alipungukiwa na nini? Aliamini, alikuwa na sababu, na jambo lilikuwa kweli.

Kengele ya Kengeleni je? Nani kati yetu aliisikia ikipigwa zamani?

Hakuna. Freretown, palipo na Kengeleni, ilianzishwa na wamisionari miaka ya 1870 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, nasi twasimuliwa kuwa kengele ilipigwa kuwaonya watu pale wafanyabiashara wa watumwa walipokaribia. Hii ni elimu ya kuambiwa. Usiidharau: hata siku yako ya kuzaliwa uliambiwa. Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alipozungumza na wazee wenye hekima, alimtenga anayehifadhi aliyoyapokea na anayeyahoji. Basi mkipita Kengeleni, waulizeni wenyeji kila mmoja kasimuliwa na nani. Kumi wakirudi kwa babu yule yule, mna shahidi mmoja.