Asubuhi ya mkimbiaji huanza jioni

Je, wewe ni miongoni mwa wale ambao kengele ya saa ikilia alfajiri huona kama wameletewa habari za msiba? Umenunua raba mpya, ukaapa mbele ya watu wa nyumbani kwamba Jumatatu utaanza kukimbia, na Jumatatu ikakukuta umejifunika gubigubi? Kama ni hivyo, somo la leo ni lako. Wala usijiite mvivu kabla hujalisoma hadi mwisho.

Hebu tuchukue mfano. Tuseme wewe ni mtumishi wa serikali jijini Nairobi. Daktari alikupima shinikizo la damu, akatikisa kichwa, akakuambia upunguze chumvi na uanze mazoezi. Ukaitikia. Kila jioni baada ya kazi ukawa unakimbia kidogo mtaani, na mambo yakaanza kutengenea. Ghafla ukaletewa barua ya uhamisho: kuanzia mwezi ujao kituo chako ni Ishiara, Mbeere Kaskazini, katika Kaunti ya Embu.

Ishiara si Nairobi. Ni nchi ya chini, kame, yenye maembe, mtama na ndengu, si mbali na mto Thuci unaotenganisha Embu na Tharaka Nithi. Saa tatu asubuhi jua limekwisha kuchachamaa. Saa kumi na moja jioni, wakati ambapo Nairobi ulikuwa ukifunga kamba za raba, huku ardhi bado inatoa joto ililolinywa mchana kutwa. Mkulima wa hapa huwahi shambani mapema, na adhuhuri ikifika utamkuta kivulini. Kwako wewe pia, wakati mzuri wa kukimbia ni mmoja tu: alfajiri. Nawe tangu utotoni hujawahi kupatana na alfajiri. Utafanyaje?

SI UVIVU

Jambo la kwanza ni kuelewa kwamba binadamu hatukuumbwa sawa kwa upande wa usingizi. Mnamo mwaka 1976 wataalamu wawili, Horne na Östberg, walitunga maswali ya kupima nani ni mtu wa asubuhi na nani ni mtu wa usiku, na maswali hayo yanatumika hadi leo. Wazungu humwita mtu wa usiku bundi. Kwetu bundi ni ndege wa nuksi, basi na tumwite popo, na yule wa asubuhi tumwite jogoo. Walio wengi wako katikati.

Upopo huo kwa sehemu hurithiwa kutoka kwa wazazi, na kwa sehemu hufuata umri. Vijana wanaobalehe huchelewa kupata usingizi, na mtu akizeeka hurudi kuamka mapema. Kwa hivyo mzazi anayemfokea kijana wake kwamba ni mzembe kwa sababu haamki anaweza kuwa anamwonea.

Hata hivyo, popo si mfungwa wa maisha. Sehemu nyingine ya tabia hiyo hutokana na mwanga na mazoea, na hiyo ndiyo sehemu tunayoweza kuirekebisha.

SAA ILIYO MWILINI

Ndani ya ubongo, juu kidogo ya mahali inapopishana mishipa itokayo machoni, kuna kundi dogo la chembechembe zinazofanya kazi kama saa. Saa hii ndiyo inayoamuru joto la mwili lishuke usiku na kupanda mchana, na ndiyo inayoagiza homoni iitwayo melatonini itoke giza linapoingia ili mwili ujitayarishe kulala. Jinsi chembe za mwili zinavyohesabu wakati lilikuwa jambo zito kiasi kwamba mwaka 2017 Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kulifumbua.

Saa hiyo hurekebishwa na nini? Zaidi ya yote, ni mwanga unaoingia machoni. Mwanga wa asubuhi huisogeza mbele, yaani jioni yake utasikia usingizi mapema zaidi. Mwanga wa usiku, uwe wa taa kali, televisheni au simu, huirudisha nyuma, na kesho yake kuamka kunakuwa adhabu.

Hapa mkazi wa Ishiara ana bahati. Kwa kuwa eneo hili liko karibu mno na ikweta, jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na dakika 10 na saa kumi na mbili na dakika 40 mwaka mzima. Mwenzako aliye London hukimbia gizani miezi ya Desemba na Januari. Wewe una taa ya bure, na haikosi kuwaka hata siku moja.

ANZA JIONI

Wahenga walinena kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Eliud Kipchoge alipokimbia kilomita 42 jijini Vienna tarehe 12 Oktoba 2019 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, dunia nzima ilizitazama mbio hizo. Usiku wa kambini Kaptagat hakuna aliyeutazama. Wanariadha wa kambi kama hizo hukimbia alfajiri kwa sababu hulala mapema, na mchana hujilaza tena. Ukiiga kuamka kwao bila kuiga kulala kwao, umechukua nusu ya dawa.

Hilo ndilo kosa kubwa la wanaoanza. Mtu hulala saa sita usiku, huweka kengele saa kumi na moja, hukimbia siku nne, ya tano anaanguka. Tena amejidhuru: mtu mzima anahitaji usingizi wa saa 7 au zaidi, na anayelala kidogo kwa muda mrefu hualika shinikizo lile lile la damu analolikimbia. Usiibe usingizi ili ulipe mazoezi.

Basi jioni fanya yafuatayo:

Kwanza, chai na kahawa ziwe za mchana. Nusu ya kafeini unayokunywa huweza kubaki mwilini hata baada ya saa 5. Kikombe cha saa kumi na mbili jioni kinakukesha hadi saa tano usiku.

Pili, tuseme ukweli kuhusu muguka. Mbeere ndiko kwao, na ni zao linalosomesha watoto wengi. Lakini mtafunaji ajue kwamba majani hayo hufukuza usingizi na kuuendesha moyo mbio. Mwenye shinikizo la damu anayeyatafuna jioni na kutaka kukimbia alfajiri anajenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine.

Tatu, pombe isikudanganye. Hukulaza haraka, kisha hukuamsha katikati ya usiku.

Nne, usiku wa joto ni adui wa usingizi, kwani mwili hulala vizuri ukipoa. Oga kabla ya kulala, acha hewa ipite dirishani, na usikose chandarua chenye dawa. Mbu wa malaria huuma usiku, na mgonjwa wa malaria hakimbii popote.

Tano, tandaza nguo na raba zako karibu na kitanda, na saa ya kengele iweke mbali ambako huwezi kuifikia bila kusimama.

SIKU 24 ZA KUTEMBEA

Tuseme kwa sasa unalala saa sita usiku na kuamka saa moja na nusu. Unataka kulala saa nne na kuamka saa kumi na moja na nusu. Hiyo ni tofauti ya saa 2, na mwili haupendi kuburutwa. Sogeza wakati wa kulala na wa kuamka kwa dakika 15 tu, ukae hapo siku 3, kisha sogeza tena. Hatua 8 za siku 3 ni siku 24.

Katika siku hizo usikimbie. Ndiyo, umesoma vizuri. Kila ukiamka, kunywa maji, toka nje, utembee dakika 20 machoni pa mwanga wa asubuhi. Unaiweka sawa saa ya mwilini kabla ya kuitwika miguu kazi. Isitoshe, mwili wa mtu atokaye nchi ya baridi huchukua wiki 1 hadi 2 kuzoea joto.

Utakapoamka, utahisi uzito kichwani. Usiuamini. Hali hiyo ni ya kawaida na kwa wengi huisha katika nusu saa ya kwanza. Usifanye uamuzi wowote kuhusu kukimbia ukiwa bado umelala chali. Ufanye ukiwa umesimama nje ya mlango.

Na Jumapili je? Amka wakati ule ule. Anayelala hadi saa tatu siku za mapumziko huirudisha saa yake nyuma, na Jumatatu huanza upya.

SASA KIMBIA

Kuanzia wiki ya tano, chagua siku 3 zisizofuatana. Tembea dakika 4, kimbia polepole dakika 1, rudia mara 5. Kila wiki punguza kutembea na kuongeza kukimbia, hadi utakapoweza kukimbia dakika 20 au 30 mfululizo. Kipimo cha mwendo ni ulimi wako: ukishindwa kuzungumza na mwenzako, unakwenda mbio mno. Siku nyingine endelea kutembea. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au 75 za mazoezi makali.

TAHADHARI

Subiri kupambazuke. Gizani kuna bodaboda zisizo na taa na magari yanayokimbilia masoko ya mbali, na nyoka hupenda kulala juu ya lami iliyohifadhi joto. Vaa fulana ya rangi nyangavu na ukimbie ukielekeana na magari.

Mashambulio ya moyo hutokea zaidi saa za asubuhi, wakati shinikizo la damu linapopanda. Kwa hivyo anza kwa kutembea dakika 10 kila siku, hata ukishakuwa hodari. Mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo au kisukari amwone daktari kwanza. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari aulize hasa kuhusu kukimbia kabla ya kula, na abebe kitu kitamu mfukoni. Ukihisi maumivu ya kifua au kizunguzungu, simama na uende hospitali.

NAWE ULIYE JIJINI

Huenda wewe msomaji hujawahi kuiona Ishiara. Unakaa Kayole au Likoni, na kinachokufukuza kitandani saa kumi na moja si jua bali ni msongamano wa magari. Kanuni ni ile ile. Shuka kwenye matatu vituo viwili kabla ya kazini, umalizie kwa miguu katika mwanga wa asubuhi, na usiku uzime simu mapema.

Na kama umejaribu kwa uaminifu miezi miwili na bado wewe ni popo? Kimbia jioni bila haya, mradi hali ya hewa ya kwenu inaruhusu. Moyo haukuulizi ulikimbia saa ngapi.

Lakini usihukumu kabla hujajaribu, tena usingoje Jumatatu. Leo jioni, jua likitua, kataa kikombe kile cha mwisho cha chai, tandaza raba zako kando ya kitanda, na ulale dakika 15 mapema. Ukifanya hivyo, mbio zako za kesho zimekwisha kuanza.