Herbert Chapman, Mchezaji Aliyegeuka Meneja

Leo tusome habari za mpira. Ni habari za Mwingereza mmoja, Herbert Chapman. Soma polepole. Penye neno gumu, rudia.

Chapman alizaliwa mwaka 1878 huko Kiveton Park, kijiji cha wachimba makaa ya mawe. Baba yake alikuwa mchimba makaa, hakujua kusoma wala kuandika. Mtoto akasoma, akajifunza uhandisi wa migodi. Mpira aliucheza katika klabu nyingi, lakini hakuwa mchezaji wa sifa kubwa. Huko Tottenham alijulikana kwa viatu vyake vya rangi ya manjano!

Mwaka 1907 alipewa timu ya Northampton, acheze na kuiongoza pia. Timu ilikuwa imeshika mkia. Mwaka 1909 ikawa bingwa wa Ligi ya Kusini.

Halafu matata. Alikuwa meneja wa Leeds City. Klabu ilishtakiwa kuwalipa wachezaji kwa siri wakati wa vita, ikakataa kutoa vitabu vya hesabu. Mwaka 1919 ikafukuzwa katika ligi. Chapman naye akafungiwa. Alijitetea kwamba wakati ule alikuwa kazini katika kiwanda cha silaha, akafunguliwa. Akaenda Huddersfield, akachukua Kombe mwaka 1922 na ubingwa wa ligi mwaka 1924 na 1925. Kisha akahamia Arsenal.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo penye somo lenyewe. Mwaka 1925 sheria ya kuotea ilibadilishwa. Zamani mshambuliaji anayepewa pasi alitakiwa awe na wapinzani watatu mbele yake, golikipa akihesabiwa. Sasa wakatosha wawili. Washambuliaji wakapata nafasi, magoli yakamiminika. Mwezi wa Oktoba Arsenal wakafungwa na Newcastle 7 kwa 0. Aibu gani hiyo!

Mchezaji wake, Charlie Buchan, akamwambia: sentahafu asipande tena mbele, akae nyuma katikati ya mabeki wawili. Meneja mwingine angemfokea. Chapman akakubali. Tena akamrudisha mshambuliaji mmoja nyuma kidogo, asaidie katikati. Siku mbili baadaye Arsenal wakaifunga West Ham 4 kwa 0. Timu nyingi zikaiga mtindo huo.

Arsenal walipata Kombe mwaka 1930, na ubingwa mwaka 1931 na 1933. Mwaka 1928 aliwavalisha wachezaji jezi zenye namba. Mwaka 1932 hata kituo cha treni karibu na uwanja kikaitwa Arsenal.

Mwanzoni mwa Januari 1934 alikuwa na mafua, lakini alikwenda kwenye baridi kutazama timu yake ya tatu ikicheza. Akashikwa na nimonia. Alifariki tarehe 6, akiwa na miaka 55. Msimu ule Arsenal wakachukua ubingwa tena.

Maswali
Kwa nini Leeds City walifukuzwa?
Chora uwanja chini kwa kijiti. Waonyeshe wenzako sentahafu alitoka wapi akaenda wapi, na kwa nini.