Poti Haifunguki? Namna ya Kuendesha Mchezo wa Mezani Mtandaoni Ukiwa Mwanza

Kundi letu hucheza Dungeons & Dragons Jumamosi usiku, na hakuna wawili kati yetu wanaokaa mji mmoja. Mimi niko Nyegezi, Mwanza. Wenzangu wako Bukoba, Nansio kule Ukerewe, na Kisumu. Kwa asiyeujua, huu ni mchezo wa mezani uliotoka Marekani mwaka 1974: mwendeshaji anasimulia, wachezaji wanaamua wahusika wao wafanye nini, na dadu zinasema kama wamefaulu. Mkikaa pamoja, karatasi, dadu na chupa ya chai vinatosha. Ziwa likiwa katikati yenu, mnahitaji meza ya mtandaoni ambayo kila mmoja anaifungua kwenye kivinjari chake.

Sisi tunatumia Foundry. Anayenunua leseni ni mwendeshaji peke yake, analipa mara moja, na programu inakaa kwenye kompyuta yake. Wachezaji hawalipi wala hawapakui chochote, wanatumiwa linki tu. Hata mkitaka kucheza bao au isolo, mnaweza kuweka picha ya ubao na kete zikawa vipande vya kusogeza kwa mausi, ingawa kusambaza kete 64 kwa namna hiyo kunahitaji subira.

Tabu ni moja: kompyuta yako ya nyumbani imegeuka seva, na watu wa nje wanatakiwa waifikie. Foundry inasikiliza kwenye poti 30000 usipoibadilisha, kwa hiyo ruta inabidi iambiwe kwamba kila anayebisha kwenye poti hiyo apelekwe kwenye kompyuta yako. Maelekezo mengi ya mtandaoni yanaishia hapo: ingia kwenye ruta, fungua poti, umemaliza. Yameandikwa kwa mtu ambaye laini yake ya nyumbani ina anwani yake mwenyewe. Huku kwetu, mtu mwenye ruta ya 4G au 5G anaweza kufanya kila kitu sawasawa na bado akagonga mwamba. Ndiyo maana mimi naanza na anwani kwanza, ruta baadaye.

1. Jua kama una IP ya umma

Fungua ukurasa wa ruta. Kwenye ruta nyingi za laini ya simu anwani yake ni 192.168.8.1 au 192.168.1.1; imeandikwa kwenye stika chini ya ruta, pamoja na neno la siri. Tafuta ukurasa wa hali ya mtandao, uone namba iliyo kando ya maneno "WAN IP". Iandike. Kisha fungua Google, andika "what is my ip", uandike na namba utakayopewa.

Zikifanana, una IP ya umma, yaani anwani yako mwenyewe inayofikika kutoka nje. Nenda hatua ya pili.

Zikitofautiana, angalia ile ya WAN inaanzaje:

- Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, uko nyuma ya CGNAT. Kampuni ya simu imewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Dawa yake iko hatua ya tano.
- Ikianza na 192.168, mara nyingi una ruta mbili zinazofuatana: kisanduku cha faiba cha kampuni, na ruta uliyonunua mwenyewe. Hili unaweza kulimaliza hapo nyumbani, kwenye hatua ya tatu.

CGNAT ni kama nyumba ya wapangaji yenye geti moja, na mlinzi hana orodha ya vyumba. Ukitoka wewe na kurudi na mgeni wako, atakufungulia. Mgeni akija mwenyewe, hajui ampeleke chumba kipi, basi anamrudisha. Ufungue mlango wa chumba chako wazi kabisa, mgeni bado atakuwa nje ya geti.

Sababu yake ni uhaba. Anwani za IPv4 ni takriban bilioni 4.3 kwa dunia nzima. AFRINIC, shirika linalogawa anwani kwa Afrika, liliingia awamu ya mwisho ya mgao wake Januari 2020. Zile namba za kuanzia 100.64 hadi 100.127 zilitengwa mwaka 2012 mahsusi kwa kazi hii. Wala si sisi tu: mwenzetu wa Kisumu anatumia Starlink, iliyoanza Kenya Julai 2023, na kwenye kifurushi cha kawaida cha nyumbani naye yuko nyuma ya CGNAT. Kucheza anacheza vizuri, ila kuwa mwenyeji hawezi kwa njia ya kufungua poti.

2. Hakikisha kompyuta yenyewe inapokea

Washa Foundry. Chukua simu iliyo kwenye Wi-Fi hiyohiyo ya nyumbani, uandike kwenye kivinjari anwani ya ndani ya kompyuta na poti, mfano http://192.168.8.50:30000. Anwani ya ndani utaipata kwa kufungua dirisha la amri kwenye Windows na kuandika ipconfig. Soma mstari wa "IPv4 Address".

Ukurasa usipofunguka hata hapo, usiguse ruta. Mara nyingi kizuizi ni Windows Firewall, hasa pale Wi-Fi ya nyumbani ilipowekwa kwenye kundi la "Public". Ibadilishe iwe "Private", na kwenye orodha ya programu zinazoruhusiwa hakikisha Foundry ina alama ya vema. Kama una programu nyingine ya kuzuia virusi, nayo huwa na kinga yake, iangalie.

Kisha ifanye anwani hiyo ya ndani isibadilike. Umeme ukikatika na kurudi, ruta hugawa anwani upya, na kompyuta iliyokuwa .50 inaweza kuamka .53 wakati ruta bado inapeleka wageni kwa .50. Kwenye ukurasa wa ruta tafuta "DHCP", kisha sehemu ya kufunga anwani kwa kompyuta maalumu. Mchezo uliofanya kazi wiki iliyopita na leo umegoma bila mtu kugusa kitu, hapa ndipo pa kwanza kutazama.

3. Sasa ingia kwenye ruta

Sehemu yenyewe ina majina tofauti kulingana na ruta: "Port Forwarding", "Virtual Server", au imefichwa ndani ya "NAT" au "Security". Jaza hivi:

- Jina: lolote
- Poti ya nje: 30000
- Poti ya ndani: 30000
- Anwani ya ndani: ile uliyoifunga, mfano 192.168.8.50
- Itifaki: TCP

Hifadhi, zima ruta, iwashe tena. Kuna ruta zinazoonyesha kanuni imehifadhiwa lakini hazianzi kuitumia mpaka zizimwe.

Mwenye ruta mbili ana njia mbili. Ya kwanza ni kuandika kanuni kwenye zote: kisanduku cha kampuni kipeleke poti 30000 kwenye ruta yako, nayo ruta yako iipeleke kwenye kompyuta. Ya pili, ambayo mimi naipendelea, ni kuigeuza ruta yako iwe "Access Point", yaani isambaze Wi-Fi tu, na kazi ya kuelekeza ibaki kwa kisanduku kimoja.

Achana na kitu kinaitwa "DMZ". Kitafungua poti yako kweli, lakini kitazifungua na nyingine zote.

4. Pima ukiwa nje

Kosa la kawaida ni kupima ukiwa ndani ya Wi-Fi yako kwa kutumia IP ya umma. Ruta nyingi haziruhusu mtu wa ndani atoke na kurudi kwa mlango wa nje, kwa hiyo utaambiwa imeshindikana hata kama iko sawa. Zima Wi-Fi kwenye simu, washa data ya bando, na ikiwezekana tumia laini ya mtandao mwingine. Foundry iwe inafanya kazi wakati huo, maana poti isiyo na programu nyuma yake itaonekana imefungwa hata kama ruta haina tatizo.

Soma kosa unalopewa, kwa sababu kila kosa lina maana yake. Ukiambiwa "connection refused" haraka, kuna kifaa kimejibu na kukataa: Foundry imezimwa, poti si yenyewe, au anwani ya ndani imebadilika na ile ya zamani imechukuliwa na kifaa kingine. Ukurasa ukizunguka muda mrefu na mwisho ukasema "timed out", ujumbe unapotelea njiani: aidha kinga ya kompyuta inautupa, au haukufika kabisa kwenye ruta yako. Kama hatua ya pili ilipita na ya tatu iko sawa, rudi ya kwanza, mara nyingi utakuta jibu ni CGNAT.

5. Ukikuta uko nyuma ya CGNAT

Hakuna mpangilio wa ruta utakaokutoa. Una njia tatu.

Piga simu kampuni ya mtandao. Uliza swali mahsusi. Ukisema tu "poti haifunguki" utaambiwa uzime ruta na kuiwasha. Sema hivi: "Dada, laini yangu iko nyuma ya CGNAT. Naomba kujua kama mnatoa IP ya umma, na inalipiwa shilingi ngapi kwa mwezi." Akisema "subiri kaka nikuunganishe na watu wa ufundi", umefika panapotakiwa. Kuna kampuni zinazotoa kwa wateja wa faiba au wa vifurushi vya biashara tu, kwa hiyo uliza kabla ya kuhama kifurushi.

Tumia handaki. Hapa kompyuta yako ndiyo inayotoka kwenda kwenye seva ya nje, na wachezaji wanaingia kupitia seva hiyo. Geti halina shida na anayetoka. Pakua programu ya cloudflared, washa Foundry, kisha kwenye dirisha la amri andika:

cloudflared tunnel --url http://localhost:30000

Baada ya muda mfupi utaona linki inayoishia na trycloudflare.com. Itume kwa kundi. Haina malipo, haihitaji ruta kuguswa, ila linki hubadilika kila ukianzisha upya.

Zipo pia Tailscale na ZeroTier, zinazowaunganisha kana kwamba mko kwenye Wi-Fi moja, ila kila mchezaji lazima aziweke kwenye kifaa chake. Hizi zinahesabika kama VPN, na Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ilitoa tangazo likiwataka wanaotumia VPN kwa shughuli zao wawasilishe taarifa zao. Kama uko Tanzania, pitia tovuti ya TCRA kwanza.

Kodi seva. Foundry inakaa kwenye kompyuta iliyoko, tuseme, Johannesburg, yenye IP yake na umeme wa uhakika. Mwendeshaji na wachezaji wote wanaingia kama wageni. Kwa kundi linalocheza kila wiki bila kukosa, naona hii ndiyo yenye utulivu kuliko zote.

6. Imefunguka, lakini inakwama

Ukishakuwa mwenyeji, kinachokubana ni kasi ya kupandisha, si ya kushusha. Kila mchezaji anachukua ramani kutoka kwako. Ramani ya MB 8 kwa wachezaji 3 ni MB 24, sawa na megabiti 192. Laini yako ikipandisha Mbps 4, hizo ni sekunde 48 za watu kutazama kioo cheusi. Geuza ramani hiyo kuwa WebP ya MB 1, na zinabaki sekunde 6. Fanya hivyo kabla ya kufikiria kununua kifurushi kikubwa.

Mahali ruta ilipokaa napo pana uzito. Nyumba zetu nyingi za mlimani, Isamilo au Bugando, zina mawe makubwa upande mmoja. Weka ruta dirishani upande ulio wazi kuelekea mnara, kisha unganisha kompyuta kwa waya badala ya Wi-Fi. Pima kasi jioni ya siku ya mchezo, kwa sababu vipimo vya asubuhi vinatia moyo kuliko hali halisi ya saa mbili usiku.

7. Kabla hujatuma linki

Poti iliyo wazi inaonwa na dunia nzima, na kuna mashine zinazozunguka mtandaoni saa zote zikibisha hodi. Badilisha neno la siri la ruta kama bado ni lile la stika. Weka neno la siri la msimamizi kwenye Foundry, na kila mchezaji awe na lake. Sasisha programu. Mkimaliza kucheza, zima Foundry, na kama hamchezi tena hadi mwezi ujao, ifute ile kanuni kwenye ruta au ulizime handaki.

Kwa ufupi: linganisha zile namba mbili za hatua ya kwanza kabla ya kutoa hela yoyote. Zikitofautiana kwa sababu ya CGNAT, usikimbilie mjini kununua ruta mpya, hata iwe ya bei gani, maana haitabadilisha kitu. Anza na handaki wikiendi hii, mcheze, halafu mkishazoea ndipo mchangishane za seva.