Kabla ya Kuamua, Tuulize

Kijitabu cha elimu kwa umma: utafiti na maamuzi ya afya katika Beni, Butembo na Masereka

Kijitabu hiki ni cha nani?

Ni cha mashefu wa mitaa na vijiji, wauguzi wakuu wa vituo vya afya, wajumbe wa CODESA (kamati ya maendeleo ya eneo la afya), RECO (wahudumu wa afya wa jamii), walimu, viongozi wa dini, na kila mkazi aliyewahi kupigiwa hodi na mtu mwenye karatasi ya maswali. Kinaeleza jinsi utafiti unavyozaa uamuzi wa serikali, na kwa nini wewe uliyetoa majibu una haki ya kuuona uamuzi huo.

Tuliyopitia

Tarehe 1 Agosti 2018 Wizara ya Afya ya Kongo ilitangaza kuwa Ebola imezuka Mangina. Ugonjwa uliingia Beni, Butembo na Katwa, ukapanda nyanda za juu za Lubero hadi zoni ya afya ya Masereka. Ulipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, wagonjwa 3,470 walikuwa wamehesabiwa katika Kivu ya Kaskazini, Ituri na Kivu ya Kusini. Kati yao 2,287 walikufa.

Katika miaka hiyo miwili, baadhi ya taratibu zilibadilika kwa sababu swali liliulizwa vizuri na mwenye madaraka akalikubali jibu. Tazama mifano minne.

1. Dawa ipi inaokoa watu wengi zaidi?

Mwanzoni madaktari walikuwa na dawa kadhaa, bila kujua ipi inazishinda nyingine. Novemba 2018 jaribio lililoitwa Pamoja Tulinde Maisha lilianza Beni, kisha likafika Mangina, Katwa na Butembo. Liliongozwa na taasisi ya utafiti wa tiba, INRB, ya Kinshasa, chini ya Profesa Jean-Jacques Muyembe, pamoja na taasisi ya afya ya Marekani. Wagonjwa 681 waligawiwa dawa kwa kura, ili pasiwepo daktari wa kumpendelea mtu na makundi yote yafanane.

Agosti 2019 jopo huru lililosimamia takwimu lilishauri mgawanyo huo usimamishwe, kwa kuwa jibu lilikuwa limeonekana. Kwa dawa ya ZMapp, karibu nusu ya wagonjwa walikufa. Kwa REGN-EB3 na mAb114, ilikuwa takriban mmoja kati ya watatu. Kuanzia hapo wagonjwa walipewa moja kati ya hizo mbili. Jaribio lilionyesha pia kwamba waliofika mapema, virusi vikiwa bado vichache mwilini, walipona kwa wingi zaidi. Ndiyo maana ujumbe wa kuwahi matibabu ulipewa uzito mkubwa.

2. Nani apewe chanjo?

Chanjo ya Ebola ilikuwa imejaribiwa Guinea mwaka 2015, kwa kuwachanja watu waliomkaribia mgonjwa na wale waliowakaribia hao. Huku kwetu utaratibu huo ulianza siku chache tu baada ya tangazo la Mangina. Lakini wajawazito na wanaonyonyesha waliachwa nje, kwani usalama wa chanjo kwao haukuwa umepimwa vya kutosha. Wataalamu walilinganisha hatari ya chanjo na hatari ya ugonjwa wenyewe, na katikati ya 2019 wanyonyeshao na wajawazito waliopita miezi mitatu ya kwanza waliruhusiwa.

3. Kwa nini watoto wengi wa Beni wanaambukizwa?

Ufuatiliaji wa wagonjwa mwishoni mwa 2018 ulionyesha kwamba baadhi ya watoto waliambukizwa Ebola kwenye vituo vya tiba walikopelekwa kwa malaria na maradhi mengine. Malaria yenyewe ilikuwa imepanda sana. Novemba 2018 ikafanyika kampeni ya kugawa dawa na vyandarua kwa watu hadi 450,000 Beni, ili homa za malaria zipungue na vituo visijae.

4. Kwa nini watu hawaiamini Riposte (operesheni ya kupambana na Ebola)?

Septemba 2018 watafiti waliwahoji watu wazima 961 wa Beni na Butembo. Mmoja kati ya wanne hakuamini kuwa Ebola ipo. Ni mmoja tu kati ya watatu aliyeamini kwamba viongozi wa mahali wanatetea masilahi yake. Wasio na imani ndio waliokuwa wagumu zaidi kukubali chanjo.

Makala ya utafiti huo ilichapishwa Machi 2019. Mwezi mmoja kabla, vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilikuwa vimeshambuliwa. Karatasi peke yake haizimi moto. Hata hivyo, jibu likichelewa kumfikia mwenye kuamua na mwenye kuulizwa, faida yake hupungua.

Njia ya haraka zaidi ilikuwepo. Kitengo cha sayansi ya jamii, CASS, kilifanya uchunguzi mfupi na kufuatilia kama mapendekezo yametekelezwa. Wahudumu wa Msalaba Mwekundu waliandika maswali na uvumi wa wakazi. Familia zilipohofu kwamba mfuko wa maiti una mtu mwingine au hauna kitu, ilitafutwa mifuko inayoruhusu kuuona mwili bila kuugusa.

Jinsi ya kupima ushahidi

- Waliulizwa akina nani? Walioko mjini tu, au pia wa mashambani na waliokimbia vita?
- Kuna kulinganisha? Kusema "walipona" hakutoshi, lazima ujue wasiopewa walikuwaje.
- Nani amelipia, na nani amekagua?
- Jibu la mahali pengine linafaa kwetu, au lipimwe upya?

Mtafiti akipiga hodi, muulize

- Unatoka wapi, na kamati ya maadili imekuruhusu?
- Naweza kukataa bila kunyimwa huduma?
- Matokeo yataletwa hapa lini, na kwa lugha ipi, Kiswahili au Kinande?
- Ni nani atakayeamua kwa kutumia majibu yangu?

Kwa viongozi na wajumbe wa CODESA

Kila pendekezo liandikwe pamoja na mtu atakayelitekeleza na tarehe. Likikataliwa, sababu isomwe mbele ya wakazi. Katika kikao kijacho cha kituo chenu, tajeni utafiti mmoja uliofanyika kwenu, kisha ulizeni pamoja: umebadilisha nini? Kama hakuna anayejua, mwandikieni ofisi ya zoni ya afya mdai matokeo. Ni majibu yenu, na afya inayoamuliwa ni yenu.